Tumbo la mtumbwi chini ya gari la vita

Ubishi ulianza na picha ya simu. Tulikuwa kijiweni Mwanga, kahawa chungu na kashata mkononi, jua la Kigoma bado halijachachamaa. Kijana mmoja wa bodaboda akatuonesha gari la kijeshi lililopakwa rangi nyeupe ya Umoja wa Mataifa, limeegeshwa kwenye matope mahali fulani ng'ambo ya ziwa. "Kifaru hicho," akasema. Mwingine akabisha, hicho si kifaru, ni deraya. Wa tatu akafunga mjadala kwa sauti ya mtu aliyewahi kukitengeneza: "Hilo hata ulilipue na bomu gani, waliomo ndani wanaendelea kupiga stori."

Alikuwepo mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu aliyewahi kulinda amani Kongo. Huwa si msemaji. Aliichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akairudisha.

"Mnaangalia juu," akasema. "Angalieni tumbo."

Tukaangalia. Chini ya gari hapakuwa bapa kama chini ya lori la mchanga. Palikuwa na bati nene zilizoshuka kutoka pande zote mbili zikakutana katikati, kama mtumbwi uliowekwa juu ya matairi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia tumbo lile, na nimegundua kwamba kijiweni wote watatu walikosea, kila mmoja kwa namna yake.

La kifaru ni jepesi. Kifaru hutembea kwa minyororo, kina mzinga, na kazi yake ni kupiga. Hili lina matairi, na kazi yake ni kuwafikisha askari wa miguu, kundi la watu sita hadi kumi na wawili hivi, mahali wanapotakiwa kushuka na kuanza kazi yao. Juu huwa na bunduki ya mashine, basi. Ndani ya chuma chake kuna lori la kawaida: injini ya dizeli, giaboksi, difu, ekseli. Wanajeshi duniani hulijua kwa herufi MRAP, yaani gari lililokingwa dhidi ya mabomu ya kutegwa ardhini na mashambulizi ya kuvizia. Yule aliyeliita deraya alikaribia zaidi, ila deraya ni neno pana. Yako magari mengi ya deraya yanayozuia risasi vizuri kabisa na bado yana chini bapa, na hayo ndiyo yaliyoua watu mpaka hili likabuniwa.

Tuanze na bomu lenyewe. Mabomu ya kutegwa ardhini ni ya aina mbili kuu, na watu huyachanganya. Lipo la kumtegea mtu. Ni dogo, linalipuka kwa uzito wa mguu, na mara nyingi linakata mguu huohuo. Hapa mkoani hatukuhitaji kusoma vitabu ili kulijua. Miongoni mwa wakimbizi waliovuka kutoka Burundi miaka ya vita, walikuwemo waliofika na gongo kwapani. Bomu hilo ndilo lililopigwa marufuku na Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1997, na Tanzania ni mwanachama.

La pili ni la kutegea gari. Hili ni kubwa, duara, bapa, ukiliona bila kujua utadhani ni sufuria ya pilau iliyofunikwa. TM-57 la Kisovieti, ambalo limezikwa kwenye barabara nyingi za Afrika, lina zaidi ya kilo sita za baruti. Mtu mzima anaweza kulikanyaga akapita, kwa sababu kitufe chake kimewekwa kusubiri uzito wa zaidi ya kilo mia moja. Linasubiri gurudumu. Na mkataba wa Ottawa haulihusu.

Gurudumu likishafika, mambo huisha kabla hujapepesa jicho. Hewa ya moto inatanuka ghafla, na kwa kuwa chini kuna ardhi ngumu, njia yake nyepesi ni juu. Inabeba udongo na mawe. Ikikutana na sakafu bapa ya gari, nguvu yote inaishia pale.

Yule wa tatu wa kijiweni alidhani hapo ndipo unene wa chuma unapookoa. Sivyo. Sakafu inaweza isitoboke hata tundu la sindano na watu wote ndani wakawa wamekufa. Bati lililopigwa kwa kasi hiyo linajibinua kwa ndani na kugonga nyayo za waliokaa. Visigino vinasagika, mifupa ya miguu inavunjika, na kama kiti kimefungwa kwenye sakafu, pigo lilelile linapanda kupitia makalio na kubana pingili za uti wa mgongo. Gari lote linarushwa juu, askari asiyefunga mkanda anagonga dari kwa kichwa. Halafu linaanguka. Pamoja nalo linaanguka kila kitu kilichokuwa hakijafungwa: sanduku la risasi, galoni la maji, jeki. Mzee alisema kikosini kwao walifunga hata chupa ya chai.

Kwa hiyo swali la mhandisi ni "nguvu hii niipeleke wapi?" Ukishaliuliza hivyo, utajikuta unafikiri kama fundi wa boti.

Nilikwenda Kibirizi kuhakikisha. Pale ufukweni, zinapoanikwa dagaa na kupakiwa maboti ya kwenda vijiji vya kaskazini, kuna mafundi ambao hawajawahi kuandika hesabu ya maji kwenye karatasi, lakini boti zao zinakwenda. Nilimkuta mmoja akiziba nafasi za mbao kwa pamba na mafuta. Nilimwonesha picha. Hakuuliza gari hili linafanya nini. Alipitisha kiganja kwenye mkuku wa boti yake, ule mti mrefu wa chini unaobeba mbavu zote, akasema, "Hili limejengwa na mtu wa majini."

Kisha akanionesha. Akaokota ubao, akauingiza ziwani ukiwa bapa, akausukuma kwa nguvu. Maji yakaukataa, mkono ukatetemeka. Akaugeuza upande, ukapita kama kisu. Unaweza kujaribu nyumbani kwa sinia: liweke bapa chini ya bomba lililofunguliwa sana, utasikia maji yakilisukuma mkononi. Liinamishe, maji yanateleza pembeni na mkono unapumzika. Maji ni yaleyale, bomba ni lilelile.

Tumbo la MRAP hufanya hivyo kwa hewa ya baruti inayotoka chini. Mlipuko ukifika kwenye ncha unagawanyika, sehemu kubwa inateleza kando ya bati na kutokea pembeni ya gari. Inayobaki kulisukuma juu inapungua. Mara nyingi bodi lote huundwa kama boksi moja la chuma lililochomelewa, lisilo na chesisi ya kubeba abiria, ili pasiwe na kiungo cha kupasuka.

Umbo halifanyi kazi peke yake. Kuna kimo. Nguvu ya mlipuko hupungua kwa haraka mno kadiri unavyokaa mbali, kiasi kwamba kulinyanyua tumbo kidogo tu kutoka ardhini kunaweza kuokoa kuliko kuongeza tani ya chuma. Kuna uzito, kwa sababu kizito hakirushwi kirahisi. Kuna magurudumu, ambayo kwa makusudi huwekwa mbele na nyuma ya boksi la abiria, mbali na tumbo, na kufungwa kwa namna ambayo yakilipukiwa yang'oke. Yaani gari limekubali kupoteza mguu. Wakitoka salama, mafundi watafunga ekseli nyingine.

Na kuna viti. Ningekuwa mimi ndiye ninayelinunua gari hili, ningeanza kukagua hapo. Viti vizuri havigusi sakafu kabisa. Vinaning'inia kutoka ukutani au darini, vina kitu cha kulegea wakati wa pigo, na sehemu ya kuwekea miguu nayo imenyanyuliwa ili kisigino kisikutane na bati. Mkanda unapita mabegani na kiunoni, kama wa rubani. Askari anayekaa humo kizembe, mkanda kauning'iniza na miguu kaitupa sakafuni, amekivua kinga ambacho jeshi lake limekilipia mamilioni.

Kipimo chake kipo. Nchi za NATO hupanga ngazi kwa kilo za baruti: ngazi ya pili ni kilo 6, ya tatu kilo 8, ya nne kilo 10, na kila ngazi hupimwa mara mbili, bomu likiwa chini ya gurudumu na likiwa chini ya tumbo. Ukisikia mtu anasema gari fulani "haliwezi kulipuliwa," muulize kilo ngapi na upande upi. Casspir ya Afrika Kusini, mojawapo ya magari mashuhuri ya aina hii, ilitengenezwa ihimili mabomu matatu ya TM-57 kwa mpigo chini ya gurudumu, lakini mawili tu chini ya tumbo.

Hiyo Casspir inanipeleka kwenye sehemu ya habari hii ambayo sisi Watanzania hatuna budi kuisimulia kwa sauti ya chini kidogo.

Magari haya hayakubuniwa Marekani, ingawa jina la MRAP ni la kwao. Yalizaliwa kusini mwa Afrika miaka ya 1970. Huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wapiganaji wa ukombozi walikuwa wakitega mabomu kwenye barabara za vumbi zilizotumiwa na jeshi la walowezi. Walowezi walianza kwa ujanja wa maskini: mifuko ya mchanga kwenye sakafu za Land Rover, maji ndani ya matairi ili yameze sehemu ya pigo. Baadaye wakachomelea tumbo la ncha. Afrika Kusini, iliyokuwa ikipambana na SWAPO, wapigania uhuru wa Namibia, kaskazini mwa nchi hiyo, ikatoa gari lililoitwa Hippo, kisha Buffel mwaka 1978, ambalo askari wake walikaa mgongo kwa mgongo wakitazama nje, wamefungwa mikanda, juu hakuna paa. Kisha ikaja Casspir, jina lililopatikana kwa kuchanganya herufi za taasisi ya utafiti ya CSIR na za polisi wao, SAP.

Sasa fikiria wale waliokuwa wakitega walitoka wapi. ZANU wa Zimbabwe walikuwa na kambi Mgagao, Iringa. FRELIMO wa Msumbiji walikuwa Nachingwea. SWAPO, na ANC wa Afrika Kusini, walipitia Kongwa. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikaa Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Kwa maneno mengine, tumbo hili la ncha ni jibu lililotolewa na serikali za kibaguzi kwa swali ambalo sehemu yake iliandikiwa hapa kwetu. Na jibu hilo halikubaki porini: miaka ya 1980 Casspir zilikuwa zikizunguka Soweto na vitongoji vingine vya Waafrika, na kwa watu wa kule jina hilo hadi leo linanuka moshi wa mabomu ya machozi.

Miaka ikapita. Machi 2013 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2098 na kuunda brigedi ya kujibu mashambulizi mashariki mwa Kongo, askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi kwa pamoja, kamanda wake wa kwanza akiwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Wajukuu wa waliowapokea watega mabomu na wajukuu wa waliotegewa wakawa upande mmoja. Nilimuuliza mzee kama aliwahi kulifikiria hilo akiliona gari la Waafrika Kusini. Alicheka. "Kijana wangu, kule unafikiria mvua."

Nichepuke kidogo, maana kuna jibu jingine kwa bomu la ardhini ambalo napenda kuliko chuma chote hiki. Ni kuwa mwepesi. Rhodesia walikuwa na kigari cha mtu mmoja kilichoitwa Pookie, kimeundwa kwa vifaa vya Volkswagen, kikavalishwa matairi mapana ya magari ya mashindano ya Formula One. Upana ule ulisambaza uzito hata bomu la gari lisijue kuwa limepitiwa, huku vifaa vya kunusa chuma vikining'inia ubavuni. Sisi tunaye wa kwetu: panya buku wanaofunzwa kunusa mabomu na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akafanya kazi Kambodia, akapata medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kuhudumia wanyama, mwaka 2020. Alikuwa na uzito wa kilo moja na kitu. Alitembea juu ya mabomu maisha yake yote ya kazi na hakuna lililomtambua. Wako ndugu zetu ambao kwao panya huwa na matumizi mengine jikoni, lakini huyo tumwache.

Turudi kwenye chuma. Wamarekani walijua habari za matumbo haya muda mrefu, hawakuyataka. Waliingia Iraki mwaka 2003 na Humvee, gari pana, fupi, chini bapa. Waasi hawakuhitaji hata mabomu ya kiwandani. Walichukua makombora ya mizinga yaliyoachwa maghalani, wakayafukia barabarani na kuyalipua kwa waya au simu. Vifo vikapanda. Mei 2007 Waziri wa Ulinzi Robert Gates akaamua kwamba ununuzi wa MRAP utangulie manunuzi mengine yote ya wizara yake. Yakanunuliwa zaidi ya 27,000 kwa gharama iliyopita dola bilioni 40. Na miongoni mwa waliotoa ujuzi alikuwa Vernon Joynt, mtaalamu wa mabomu kutoka CSIR ileile ya Afrika Kusini.

Vita vilipopoa, mengi hayakuwa na kazi. Mengine yalikatwakatwa kuwa chuma chakavu kulekule Afghanistan, mengine yakagawiwa polisi wa miji midogo ya Marekani, mahali ambapo hakuna aliyewahi kutega hata mtego wa ndege.

Je, gari hili ni jawabu la mashariki mwa Kongo, au la mahali pengine popote wanapokwenda vijana wetu? Hapa ndipo ninapotofautiana na wa kijiweni. Julai 13, 2013 huko Darfur, Sudan, walinda amani 7 wa Tanzania waliuawa katika shambulio la kuvizia. Desemba 7, 2017 kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilivamiwa, wakafa wanajeshi wetu 15. Semuliki walifuatwa kambini kwao. Tumbo la gari, liwe la ncha kiasi gani, halina la kusema kwa adui wa namna hiyo. Ubavu wa MRAP huzuia risasi za bunduki za kawaida. Hauzuii kwa uhakika roketi ya RPG inayopigwa kutoka begani. Hauzuii pia lile bomu la kando ya barabara lenye sahani ya shaba, ambayo mlipuko huigeuza kuwa donge linalotoboa chuma. Waasi wa Iraki walilitumia. Adui naye anafikiri.

Halafu kuna barabara. Gari la namna hii lina tani kumi na zaidi, mengine yanapita ishirini. Anayeijua njia ya udongo ya huku kwetu wakati wa masika, kabla ya lami, atajua tani hizo zinaishia wapi. Zamani ukiona roli limezama hadi ekseli kwenye udongo mwekundu unateremka, unasaidia kusukuma. Hili husukumi. Likitoka barabarani linachimba, likibaki barabarani linabaki mahali palepale ambapo adui anajua litapita.

Na kimo, kile kilichookoa wakati wa mlipuko, kinadai chake kila siku nyingine ambayo hakuna mlipuko. Gari ni refu na zito juu. Kona kali, ukingo wa barabara uliolainika kwa mvua, mtaro usioonekana, linalala ubavu. Iraki na Afghanistan MRAP zilipinduka mara nyingi, nyingine zikaangukia mifereji ya maji, na milango mizito isiyoweza kusukumwa kwa bega ikageuka kuwa mtego.

Jambo hili fundi wa Kibirizi aliliona kabla sijamweleza. Alikuwa ameshairudia pamba yake, nyundo mkononi, nikadhani mazungumzo yamekwisha. Akauliza bila kugeuka, "Sasa tumbo kali namna hiyo, na hakuna maji ya kulishika ubavuni. Farumi yake iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Boti yenye tumbo la ncha hutiwa mawe au mizigo chini ili isilale. Hili limewekwa askari na bunduki juu. Nikalipeleka swali kijiweni asubuhi iliyofuata, nikampa mzee shikamoo, nikamuuliza kama nilivyoulizwa.

"Farumi ni dereva," akasema, akanywa kahawa yake.

Kisha akaeleza, kwa mara ya kwanza kwa kirefu. Wakifika kwenye daraja la magogo, afande aliamuru gari lisimame. Wenye kifaa cha kupekua mabomu walitangulia kukagua kingo za pande zote mbili. Askari wote walishuka, wakavuka kwa miguu mmoja mmoja, bunduki zikitazama msituni. Ndani alibaki dereva peke yake. Huo ndio wakati pekee aliporuhusiwa kufungua mkanda, na mlango wake aliuacha wazi, ameushikilia kwa mguu wa kushoto, magogo yakilia chini ya matairi hadi ng'ambo.